Familia Moja ya Mzee Kitonga

Wiki iliyopita mliniacha jikoni, mwiko mkononi, nikimtazama kijana aliyepewa kiti nilichoahidiwa mimi. Kwa mnaokutana nami leo: naitwa Mutindi, mpishi mkuu wa hoteli ya Mzee Kitonga, kando ya barabara kuu hapa Voi. Kiti chenyewe ni cha umeneja. Kijana ni Bravin, mpwa wa Mzee, aliyeshuka kutoka Nairobi asijue kama ugali huanza na maji au na unga.

Nikameza. Nikarudi kwa sufuria zangu.

Mtaniuliza kwa nini sikuondoka siku ile ile. Jibu ni marehemu mke wa Mzee. Hoteli ile ilianza kama kibanda cha chai, mimi na Mama Kitonga tukipulizia kuni, machozi yakitutoka na vicheko pia. Mama yule alikula nasi kwenye sinia moja. Alijua nani ana mgonjwa nyumbani na nani amegombana na mumewe. Alipofariki, mwaka ule hakuna aliyeacha kazi. Tulikaa kama watu wanaomngoja arudi kutoka sokoni.

Hakurudi. Sisi tukabaki na Mzee Kitonga. Hapo ndipo watu walipoanza kwenda.

Nzuki wa mezani alikwenda kuendesha bodaboda. Ndanu wa vyumbani alikwenda kuvunja kokoto. Hebu fikiria: mtu anaacha kutandika vitanda kivulini, anakwenda kuponda mawe juani, na akipita kutusalimia amenenepa!

Na si mshahara. Tusimsingizie Mzee. Mshahara ulikuwa ukifika.

Mzee Kitonga alikuwa na maelezo yake. "Vijana wa siku hizi hawana uvumilivu," alisema. Akikwenda mtu mzima, alisema amerogwa. Hata siku moja sikumsikia akisema, "Labda ni mimi."

Basi akaamua kuleta mtaalamu.

Mtaalamu aliitwa Bwana Obadiah. Kazi yake, tuliambiwa, ni kuwafundisha waajiri namna ya kuwazuia wafanyakazi wasihame. Aliingia ukumbini na manukato yaliyoishinda pilau yangu, na pilau yangu husikika hadi ng'ambo ya barabara.

Kila mmoja alipewa fulana nyekundu. Kifuani imeandikwa FAMILIA MOJA. Yangu ilikuwa ya mtu mwembamba sana.

"Mwajiri na mwajiriwa," Obadiah akaanza, "ni kama mume na mke."

Mbeyu, msaidizi wangu wa jikoni, akaninong'oneza, "Basi mimi nataka talaka."

Niliuma ulimi nisicheke. Mbeyu ni mama wa mtoto mmoja, kwao Rukanga, chini ya mlima Kasigau. Ana mikono myepesi na mdomo mwepesi zaidi.

"Leo hapa hakuna bosi," Obadiah akaendelea. "Semeni ukweli. Kwa nini watu wanaondoka?"

Bosi ambaye hakuwepo alikuwa ameketi kiti cha mbele, mikono kifuani, akitutazama mmoja mmoja.

Mtu akakohoa. Kisha Mwanzia akasimama.

Mwanzia ndiye aliyekuwa mkubwa wa wahudumu, mtu mzima, mpole, ambaye hajawahi kumwaga hata chai.

"Bwana mtaalamu," alisema, "mimi nilifiwa na kaka yangu. Nikaomba ruhusa nikazike. Mzee akaniuliza kama maziko hayawezi kungoja hadi Jumatatu, kwa sababu wikendi kuna wageni."



Obadiah akaugeukia ubao mweupe aliokuja nao, akaandika kwa herufi kubwa: MAWASILIANO. Akapigia mstari. Akauliza kama kuna swali lingine.

Mzee Kitonga akapiga makofi. "Asante sana Mwanzia! Ukweli kama huo ndio tunaoutaka. Sisi ni familia."

Asubuhi yake Bravin alimngoja Mwanzia mlangoni.

"Mzee Mwanzia, umehamishwa," alimwambia, akichezea simu yake. "Kuanzia leo utakuwa unalinda magari ya wageni huko nje. Huko kuna nafasi, utaongea utakavyo."

Mwanzia alivua ile fulana nyekundu, akaikunja vizuri kama kitambaa cha meza, akaiweka mapokezi.

"Mpeni mwanafamilia mwingine," akasema.

Akapanda gari la kwao Maungu. Hakugeuka.

Mnadhani Mzee alijifunza? Alijifunza jambo moja tu: kwamba ushauri wa mtaalamu lazima ufuatwe. Obadiah alikuwa amemwambia wafanyakazi hupenda kutambuliwa. Basi Mzee akatangaza tuzo. Kila mwezi mfanyakazi bora atapigwa picha, na picha itundikwe karibu na mapokezi, wageni wote waione.

Tukangoja kwa hamu. Mbeyu hata alisuka nywele.

Picha ikatundikwa. Alikuwa Bravin.

"Amejitolea sana," Mzee alituambia, bila aibu hata chembe. Zawadi ilikuwa chakula cha jioni na Mzee mwenyewe. Nani alikipika? Mimi. Na kuku akarudishwa jikoni kwa sababu mfanyakazi bora hapendi paja.

Nikameza hilo pia.

Kisha simu ikaja kutoka Rukanga.

Tulikuwa tunakata vitunguu. Mbeyu akaipokea kwa bega, kisu bado mkononi. Niliona uso wake ukibadilika.

"Ni mama yangu. Mtoto ana homa. Anatetemeka, hajui hata jina lake."

"Nenda kwa Bravin," nilimwambia. "Haraka."

Nilimfuata hadi mlangoni nikasikia kila neno.

"Andika ombi," Bravin alisema. "Nitalipeleka kwa Mjomba, akiidhinisha utajulishwa."

"Mtoto anatetemeka sasa hivi!"

"Madam, utaratibu ni utaratibu. Kila mtu akitoka hapa kwa sababu ya mtoto wake, nitabaki na nani?"

"Mpigie Mzee basi."

Akampigia. Akaweka sauti kubwa, nadhani ili tufaidi sote. Mzee Kitonga akauliza jambo moja tu: "Kwani huyo mtoto hana baba?"

Mtoto hana baba. Mzee alijua. Mama Kitonga ndiye aliyemchukua Mbeyu kazini akiwa na mimba, baada ya yule mwanamume kutoweka.

Mbeyu alirudi jikoni akashika kisu, akaanza kukata vitunguu tena. Alikuwa anakata hewa.

Nilimnyang'anya kisu.

"Vua aproni," nikamwambia. "Nenda kwa mtoto wako. Jiko ni langu, nitajibu mimi."

Akaenda. Ilikuwa malaria. Walimwahisha zahanati, akatundikiwa maji, akafungua macho. Kesho yake Mbeyu alirudi kazini, hajalala, macho mekundu kama fulana zetu. Na alirudi wakati mbaya kuliko wote: ukumbi umejaa watalii waliotoka mbugani, madereva wao wamekaa meza ya pembeni, na Mzee Kitonga anapita baina ya meza akitabasamu kama bwana harusi.

Alimwona Mbeyu akiingia na trei ya vikombe.

"Huyu ni nani?" akauliza kwa sauti ya mnadani. "Mbona simjui? Mimi nilikuwa na mfanyakazi wa sura hiyo, lakini alitoroka jana!"

"Mzee, mtoto alikuwa na malaria."

"Wewe ni daktari? Kwani malaria inatibiwa kwa kuangaliwa na wewe?"

Bravin akacheka. Alikuwa amesimama chini ya picha yake mwenyewe, anacheka.

"Mzee, tafadhali," Mbeyu alisema. "Niambie nje. Wageni wanatuangalia."

"Waangalie! Waone takataka ninazolisha!"

Watalii hawakujua Kiswahili. Hawakuhitaji. Mama mmoja mzungu aliweka uma chini. Dereva mmoja akainamia sahani yake kama mtu anayesoma.

Mimi nilikuwa kwenye dirisha la jikoni. Sufuria kubwa ya wali ilikuwa motoni, maji bado yanachemka juu ya mchele. Nikazima gesi. Nikafunua mfuniko ili mvuke wote utoke. Nikavua aproni, nikapita katikati ya ukumbi, nikachukua ile trei mikononi mwa Mbeyu, nikaiweka juu ya meza iliyokuwa karibu.

"Mutindi," Mzee akasema, "rudi jikoni."

"Jikoni kule, Mzee. Meneja unaye. Mfanyakazi bora unaye. Wali unataka robo saa kuiva, mwambie aungoje."

"Ukivuka mlango huo, hakuna jiko Voi nzima litakalokufungukia!"

Nikauvuka. Mbeyu nyuma yangu.

Sikilizeni sasa: yule mtu ambaye hakuwa na dakika ya kumpigia simu mfanyakazi mgonjwa, alipata siku nzima ya kupiga simu juu yangu. Alimpigia kila mwenye hoteli anayemjua. Akawaambia mimi ni mwizi. Kwamba nilikuwa natoa nyama kwa mlango wa nyuma.

Mwenye hoteli mmoja karibu na stendi alikuwa amenibembeleza miaka nenda miaka rudi niende kwake. Nilipoingia ofisini mwake, alitazama feni ya darini tangu niketi hadi niinuke.

"Tutakupigia," akaiambia feni.

Wa pili alisema nafasi imejaa, na tangazo la kutafuta mpishi limebandikwa nyuma ya kichwa chake. Wa tatu hakunikaribisha ndani. Majirani wangu wakaanza kunisalimia kwa mbali. Mwanamke niliyekuwa nikimpa makombo ya kulisha kuku wake akamwuliza dada yangu kama ni kweli nilijenga nyumba kwa nyama ya wizi.

Nilijenga wapi? Nimepanga!

Mwanzia ndiye aliyenitafuta. Mkewe ana kibanda Maungu, pale malori yanapolala. Akaniambia njoo. Nikapika chapati na maharagwe ya nazi, madereva wakaanza kupiga honi wakiwa bado mbali. Lakini kibanda kile kilikuwa cha mkewe, na nilijua nimekaa juu ya riziki yao.

Siku moja Mwanzia akasema, "Kuna mama mmoja Taveta, kule Mboghoni. Anaitwa Mama Rita. Ana nyumba ya wageni kati ya mashamba ya ndizi. Anatafuta mtu wa kuisimamia. Nenda, lakini usimwogope mdomo."

Nikaenda.

Mama Rita alinikuta uani, akanitazama juu hadi chini. Ni mwanamke mfupi, mnene, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mpaka.

"Nimempigia bosi wako," akaanza hata kabla ya kunikaribisha kiti. "Ameniambia wewe mwizi."

Nikashika mkoba wangu niondoke.

"Keti! Sijamaliza. Alipokwisha kuniambia wewe mwizi, akaniuliza kama namjua mpishi yeyote anayetafuta kazi."

Akacheka hadi kilemba kikamwanguka. Nikacheka na mimi, kwa mara ya kwanza tangu ule wali mbichi.

"Haya," akasema, akipangusa macho. "Mshahara tutaelewana. Niambie kilichokutoa kule."

Nikamwambia yote. Mwanzia, Mbeyu, picha ya Bravin. Alisikiliza bila kunikata kauli.

"Na ni nini kingekubakisha?"

Sikuwahi kuulizwa hivyo. Nikajisikia nikisema, "Siku moja tu angenigeukia akaniuliza, Mutindi, wewe unaonaje? Ningekuwa pale hadi leo."

Msidhani Mama Rita ni malaika. Sukari anaipima kama dawa. Hupiga kelele kuanzia asubuhi, mara kuku, mara maji ya mfereji yamefungwa, mara redio ya jirani. Lakini ratiba ya kazi huijua kila mtu mapema, na mtu akiwa na mazishi huenda kuzika. Mke wa mwosha vyombo alipojifungua, Mama Rita alimwambia mwanamume akae na mkewe, akaingia karoni yeye mwenyewe. Aliosha vibaya sana. Nilirudia kila sahani akishalala.

Nikawa meneja. Nilimwita Mbeyu aje na mtoto wake, nikampa jiko. Nyumba ikajaa. Wafanyabiashara wa ndizi waliokuwa wakilala Taveta mjini wakaanza kuja kulala kwetu, kwa sababu ya muthokoi wa Mbeyu, mahindi yaliyokobolewa na kupikwa kwa maharagwe. Na hakuna mtu wetu aliyeondoka. Hata mmoja. Nilianza kutembea kifua mbele. Nikipita mbele ya kioo, nilijitazama mara mbili.

Jumamosi iliyopita, saa ya chakula cha mchana, ukumbi ukiwa umefurika, Mama Rita akaniita.

"Yule kijana wa mapokezi tuliyekuwa tunamtafuta, kuna mmoja amekuja. Amekaa pale mlangoni. Wewe ndiye utakayefanya kazi naye, kwa hiyo wewe ndiye utakayesema."

Nikatoka nikimtafuta kijana. Nikamkuta Bravin.

Amekonda. Begi liko mapajani. Aliponiona alisimama upesi hadi kiti kikaanguka.

"Shikamoo, Auntie Mutindi."

Auntie! Siku zote nilizokuwa naye jina langu lilikuwa "wewe wa jikoni".

"Umepotea njia?" nikamwuliza.

"Nimeacha kazi kwa Mjomba."

Nilitaka kuimba. Naapa, nilitaka kuimba. Hata mpwa! Hata damu yake mwenyewe, mfanyakazi bora mwenye picha ukutani, amemkimbia!

"Kisa?"

Akatazama sakafu. "Tangu mwondoke hapati mpishi anayekaa. Juzi wageni walilalamika kuhusu chakula. Mjomba akanizaba kofi. Mbele yao. Halafu akawaambia mimi si mpwa wake, ni mtu aliyeokotwa tu stendi."

Mtu mwingine angemhurumia. Mimi nilisikia utamu hadi kwenye meno.

"Kofi moja tu?" nikasema. "Alikuonea huruma!"

"Auntie, nilikosa. Najua nilimkosea Mbeyu. Nilikuwa najifanya mkubwa. Sina pa kwenda, nyumbani nimeona aibu kurudi. Nipe hata kufagia."

"Kufagia?" Sauti yangu ilianza kupanda, na niliiacha ipande. "Wewe ufagie wapi? Wewe ndiye uchafu wenyewe! Ulisimama chini ya picha yako ukacheka mama wa watu akiitwa takataka. Sasa umekuja hapa na begi lako kama mbwa aliyefukuzwa na mvua! Nani akuajiri? Unajua nini? Unajua kuchemsha hata yai? Kupe wewe! Umenyonya kule damu ikaisha, umekuja kutafuta ng'ombe mwingine!"

Nilikuwa na mengine mengi. Nilikuwa nimeyaweka muda mrefu, na yalikuwa yanatoka vizuri, moja nyuma ya lingine.

Bravin aliokota kile kiti kilichoanguka, akakisimamisha. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Auntie," akasema taratibu, "kama hunitaki, sema tu hapana, nitakwenda. Lakini niambie nje. Watu wanatuangalia."

Nikageuka.

Vijiko vya wageni vilikuwa vimesimama hewani. Mzee mmoja muuza ndizi, mteja wetu wa kila wiki, alikuwa ameinamia sahani yake, hataki kuniona. Yule mwosha vyombo alikuwa kwenye dirisha la jikoni na sahani yenye povu mkononi, ananitazama kama mtu aliyeingia nyumba asiyoijua.

Mbeyu alikuwa ametoka jikoni. Alimwangalia Bravin, akaniangalia mimi. Mikono yake ilikuwa nyuma ya kiuno, inafungua kamba za aproni.

"Mbeyu," nikasema, "unafanya nini? Si nakutetea wewe?"

"Huyu akiingia, mimi natoka," alisema. Kisha akanigeukia. "Na ukiendelea kuongea hivyo, dada, natoka hata asipoingia."

Mama Rita alikuwa amesimama mlango wa uani. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, hakuwa akipiga kelele.

"Meneja," akaniita. Hakuniita Mutindi. "Wageni wanangoja, na mimi nangoja. Nani anaondoka hapa leo: kijana, Mbeyu, au wewe?"